Baba Kwenye Kiti cha Mvuke

Jumatatu, 2 Februari

Haroon, meneja wetu, amegawa madaftari na kusema tuandike humo mambo ya kazi. La kazi ninalo jingine. Hili litakuwa la hasira zangu, maana nyumbani hakuna wa kunisikiliza na kanisani hasira ni dhambi.

Mahali penyewe ni ghala la zamani huku Queensburgh, bati juu na joto chini. Katikati wamejenga chumba cha kuongozea mitambo ya meli ambayo bado haipo: manowari ya kubeba ndege ya kizazi kijacho, yenye vinu viwili vya nyuklia. Hakuna urani hapa wala bahari. Kuna kompyuta, sindano za vipimo, viti vitatu na kengele yenye sauti mbaya. Wanaoibuni meli hiyo ni watu wa ng'ambo ambao Haroon hawataji jina. Wanataka kujua kama watu wachache wasio wanamaji, wakipewa kitabu cha kanuni na kuachwa waongee lugha yao, wanaweza kuendesha mitambo bila kuizima. Lugha waliyoichagua ni Kiswahili. Panya wa majaribio ndio sisi.

Mimi ni Immaculée, msimamizi wa zamu. Nina shahada ya fizikia ya Kinshasa, na miaka tisa ya kusuka nywele mjini Durban kwa sababu hakuna aliyeitaka shahada hiyo. Mwisho wa Machi wageni watakuja kutupima siku mbili. Tukifaulu, napata mkataba wa kudumu. Tukishindwa, narudi saluni. Mimi saluni sirudi.

Fimbo za kinu, zile zinazokizima zikishushwa, anazishika Khadeeja, mzaliwa wa hapa, mabibi zake watu wa Afrika Mashariki. Na kiti cha mvuke, nimeingia asubuhi nikamkuta amekikalia nani? Papa Josias.

Jumanne, 3 Februari

Niseme Papa Josias ni nani, ili nikisoma baadaye nisijione mwendawazimu. Ni mzee wa kanisa letu, na Papa kwetu ni baba. Ni fundi wa mitambo ya mvuke tangu ujana wake huko Likasi, na hapa amekuwa mlinzi wa maegesho ya magari. Miaka sita iliyopita Achille alipotaka kunioa, sikuwa na baba wala mjomba upande huu. Josias ndiye aliyeketi kama baba yangu. Alipokea mahari, akavaa suti ya mahari aliyoletewa na Achille, akasema mbele ya kanisa zima: "Ule ni binti yangu. Mukimugusa, munagusa miye." Tangu siku hiyo, nikipatwa na jambo, wa kwanza kugonga mlango ni yeye.

Sasa Haroon anataka nimwamrishe.

Ijumaa, 6 Februari

Kanuni ya kwanza kitabuni: kila agizo linarudiwa. Mimi nasema, "Mvuke, panda hadi asilimia sitini." Aliye kwenye kiti cha mvuke anarudia, "Mvuke unapanda hadi asilimia sitini." Mimi nasema, "Sahihi." Hapo tu ndipo mkono unagusa usukani wa mvuke. Na hatuitani majina. Tunaitana kwa viti: Mvuke, Fimbo, Msimamizi.

Khadeeja alijifunza kwa dakika tano. Papa Josias alinitazama kama mtu aliyeombwa acheze ngoma sokoni.

"Binti, weye unasema, miye ninafanya. Sasa kurudilia ni ya nini? Miye siko kasuku."

Nikafungua ukurasa wa pili. 

Jumatatu, 9 Februari

Mvua. Kinu kimezimika mara mbili.

Alhamisi, 12 Februari

Mara tatu leo. Nieleze kwa nini, maana Achille aliniuliza jana na katikati ya maelezo akalala.

Watu hudhani anayeendesha kinu ni yule mwenye fimbo. Hapana. Maji yanayozunguka ndani ya kinu yakipoa, atomi hupasuka kwa wingi na nguvu hupanda yenyewe. Anayeyapoza maji ni mwenye mvuke, kwa sababu kila anapofungua anachota joto. Kwa hiyo kinu kinamfuata mwenye mvuke. Akifungua kwa pupa, nguvu inaruka mpaka uliowekwa, fimbo zote zinadondoka, kinu kimezimika. Na kinu kilichozimika hakiwashwi kama jiko. Kinajaa zenoni, sumu inayomeza nyutroni, na fueli ikiwa imechakaa unaweza kusubiri saa nyingi kabla hakijakubali tena. Meli imesimama, na ndege ziko hewani zinatafuta pa kutua.

Meli hii ya kizazi kijacho ni mbaya zaidi, kwa sababu ndege hazirushwi tena kwa mvuke. Zinarushwa kwa manati ya umeme, na kila ndege inapoondoka umeme unanyofolewa kwa mkupuo. Mwenye mvuke lazima awe na mkono wa mama anayempakata mtoto mchanga. Mkono huo Papa Josias anao, siwezi kusema uongo. Tatizo ni mdomo.

Jumapili, 15 Februari

Kanisani ameomba, "Bwana, wape watoto wetu moyo wa kuheshimu." Watu wakaitikia amina. Achille aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Jumatano, 18 Februari



Zoezi lilikuwa la kinu kimoja kufa. Haroon, akiwa nyuma ya kioo, alikizima kinu cha kushoto. Nikataka mwendo usipungue, nikasema, "Papa, tukamate sabini." Papa Josias hakurudia. Aliusogeza usukani polepole, sindano ikasimama kwenye hamsini. Mimi nilikuwa nikitazama ubao wa umeme, sikuona. Dakika kumi nzima niliendesha meli ya sabini kichwani mwangu na meli ya hamsini ikiwa mbele yangu.

Baadaye ndipo nikaelewa. Vinu ni viwili, kila kimoja kinabeba nusu. Kimoja kikifa, nusu ndiyo yote uliyo nayo. Ningepata sabini yangu, kinu cha pili nacho kingezimika. Alijua. Alinirekebisha kimyakimya, kama baba anavyomfunika mtoto aliyelala vibaya.

Unadhani nilishukuru? Nilimwambia, "Papa, ungerudia, ningelisikia mwenyewe kosa langu, ningelirekebisha."

"Ungesikia?"

"Ningesikia."

"Binti, miye nilikuokoa. Weye unanigombeza."

Haroon ametupa sifuri. Kwa wageni, amesema, meli isiyojua iko kwenye asilimia ngapi ni meli iliyozama.

Alhamisi, 19 Februari

Sijamsalimia mzee. Yeye amenisalimia, kwa makusudi, kwa sauti, mbele ya Khadeeja.

Jumatatu, 23 Februari

Mvua juu ya bati ni kama magunia ya mahindi yanamwagwa. Hatusikiani. Kinu kimezimika mara nne. Ukuta wa nyuma unavuja.

Alhamisi, 26 Februari

Achille amerudi kutoka zamu yake Isipingo na maneno yaliyoandaliwa. Kumbe Papa Josias alimpitia kazini.

"Chérie, ule mutu ni baba yako. Unamuita Mvuke? Mvuke?"

"Bado sijamwita. Na ni jina la kiti."

"Kiti kile anakalia baba yako."

Nimemwambia kama anampenda hivyo, akaolewe yeye.  Nimeosha vyombo vyote mpaka vile visafi.

Jumanne, 3 Machi

Nimemwendea Haroon ofisini nikataka Josias aondolewe. Nimeandika hapa "Josias" bila "Papa" na dunia haijapasuka.

Haroon ni mtu wa kuzungukazunguka na kiti chake. Kiswahili chake kina kutu, anakijenga neno kwa neno. Akasema, "Sharp, sawa. Lakini kwanza sikiliza." Akaniwekea kinasa sauti, maana kila zoezi hurekodiwa.

Nikasikia sauti ya mwanamke. "Papa, kama unaona inafaa, tungepandisha kidogo." "Papa, samahani, labda tupunguze?" "Papa, sijui, weye unaonaje?" Nusu saa. Mwanamke yule hakuagiza kitu hata kimoja.

"Katika mazoezi arobaini," Haroon akasema, "wewe umetoa agizo mara sita. Zingine ni maombi. Mtu hawezi kurudia maombi. Yeye anaona inafaa, anafanya."

Nilitaka kumpiga Haroon kwa kile kinasa sauti. Nikamwambia asante.

Jumatano, 4 Machi

Khadeeja ameniuliza wakati wa chai, "Aunty, mbona mimi unaniamuru vizuri tu?"

Kwa sababu wewe ni mdogo, nikasema.

"Basi jifanye mimi ndiye niko kule."

Watoto waliozaliwa hapa hudhani kila kitu ni cha kujifanya.

Ijumaa, 6 Machi

Nimejaribu. "Papa, panda hadi sitini." Bila samahani, bila labda. Amepanda hadi sitini, safi kabisa, bila kurudia. Akiinuka kwenda nyumbani akaniambia, "Leo umeongea kama bibi ya polisi."

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Kinu kimezimika mara moja. 

Alhamisi, 12 Machi

Mvua.

Jumatatu, 16 Machi

Nimemfuata Josias nje, tumesimama chini ya ukingo wa bati, maji yanatuchuruzikia viatuni. Nikaamua kumwambia ukweli wote. Kwamba hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Kwamba vidole vyangu vimeanza kuuma kwa kusuka. Kwamba wageni hawatajali kinu kikiwaka kama hawakumsikia akirudia. Nikamwomba anisaidie siku mbili tu, kisha anichukie apendavyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwetu, mutoto akisema kitu, baba anakiweka mu roho. Hapana kukirudilia kama askari. Nitafanya yote unataka. Lakini ile, hapana."

"Hata kwa binti yako?"

"Sababu ni binti yangu."

Ana kiburi cha kutosha kuendesha meli mbili. Nimechoka kuitwa binti na mtu ambaye ubaba wake unanirudisha saluni.

Jumapili, 22 Machi

Sikwenda kanisani. Achille amekwenda peke yake na amerudi na salamu za kila mtu isipokuwa mmoja.

Jumatano, 25 Machi

Siku ya kwanza ya wageni. Walikuwa watatu, wamekaa nyuma ya kioo, mmoja wao mkalimani. Mvua ilianza saa tatu, na bati likawa halisemeshwi.

Zoezi: ndege kumi na mbili hewani, fueli inawaishia, meli inatakiwa ikimbie kinyume cha upepo ili zitue, na wakati huohuo manati yarushe ndege mbili za uokoaji. Mwendo na umeme kwa pamoja. Nilivuta pumzi nikasema, "Mvuke, panda hadi asilimia themanini na tano."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Hakugeuka. Wala hakurudia. Mkono wake ulikuwa karibu na usukani, na kwa kelele ile sikujua kama amesikia au amekataa. Sindano ya umeme ilikuwa inashuka. Nikaona nyuma ya kioo mgeni mmoja anaandika kitu. Nikaona saluni, kiti changu cha plastiki, beseni la maji ya moto.

Kitabu kina kanuni ya mtu asiyerudia. Niliisema kama ilivyoandikwa, kwa sauti iliyoishinda mvua: "Mvuke, rudia agizo au ondoka kwenye kiti."

Khadeeja akashusha macho. Hata yeye alielewa. Kwetu mtoto hamwinui baba kwenye kiti. Kiti cha baba hukaliwa na wengine akishazikwa, na mtoto anayemwambia baba ondoka kitini amemtangazia kifo chake. Nililijua hilo kabla sijafungua mdomo. Nikalisema.

Josias aliketi wima. "Mvuke unapanda hadi asilimia themanini na tano."

"Sahihi."

Akapanda. Taratibu, kwa mkono ule wake. Nguvu ikafuata, haikuruka hata kidogo. Ndege zote kumi na mbili zimetua. Alirudia kila agizo, maagizo thelathini na moja, hakukosa hata moja. Wageni walipiga makofi nyuma ya kioo, tuliyaona bila kuyasikia. Haroon alinishika bega akasema mkataba ameshauchapa, kesho ni kumalizia tu.

Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi mpaka nikanunua kuku mzima.

Saa moja jioni mlango ukagongwa. Josias, na mfuko wa plastiki. Hakunitazama. Akamkabidhi Achille ule mfuko, na ndani kulikuwa na suti ya mahari, imefuliwa, imekunjwa, na viatu juu yake.

"Achille, mwanangu, pokea vitu byako. Miye nilipokea mahari ya binti. Sasa siko na binti."

Achille alipiga magoti sakafuni. Alimshika mzee miguu, akaomba, akalia. Mimi nilisimama jikoni na kijiko mkononi. Ningeweza kupiga magoti na mimi. Nilifikiri: kesho ni siku moja tu, acha ipite kwanza, nitampigia magoti Ijumaa. Nikabaki nimesimama, naye akaona nimesimama, akaondoka.

Achille amelala sebuleni. Kuku hajaliwa.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua ilikuwa imekatika. Kimya kabisa juu ya bati, kila neno lilisikika.

Sikuwa nimelala. Saa nne na nusu wageni walizima kinu cha kulia, na manati yakawa yanadai umeme. Nikatazama mwendo unavyoshuka na akili yangu ikaenda kwenye mwendo tu. Nikasema, "Mvuke, panda hadi asilimia themanini."

Josias akasema, kwa sauti safi, neno kwa neno, bila haraka: "Mvuke unapanda hadi asilimia themanini."

Akasubiri. Hilo nimelisikia baadaye kwenye rekodi, sekunde nne nzima za kusubiri. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya usukani. Sijui nilikuwa natazama nini.

"Sahihi," nikasema.

Akapanda. Sindano ilipita hamsini, ikapita sitini, kengele ikalia, fimbo zikadondoka. Vinu viwili vimekufa. Kompyuta ikahesabu zenoni na kutuambia kinu hakiwaki tena mpaka kesho yake. Kwenye skrini ya juu ndege nane zilizokuwa zikisubiri kutua zikabadilika rangi moja baada ya nyingine, yaani zimeanguka baharini.

Wageni waliingia chumbani. Mkubwa wao hakuwa na hasira, alikuwa na hamu ya kujua, jambo ambalo ni baya zaidi. Akauliza kupitia kwa mkalimani, akimtazama Josias: ulijua kwamba kwa kinu kimoja themanini haiwezekani?

"Nilijua."

Mbona hukusema?

"Nilisema. Nilirudilia. Ule akasema sahihi."

Mgeni akasisitiza. Haroon alimwonyesha rekodi ya tarehe kumi na nane Februari, naye akamuuliza Josias: siku ile ulipunguza mwenyewe, ulimwokoa. Kwa nini si leo?

Josias alivaa koti lake kwanza, akafunga vifungo. "Siku ile nilikuwa baba yake. Leo niko Mvuke."

Ijumaa, 27 Machi

Haroon amenipa barua. Mkataba wangu hautaendelea. Kwenye kitabu cha zamu kosa ni la msimamizi, na nimelitia sahihi mwenyewe kwa sababu ni kweli. Josias wamembakisha. Taarifa ya wageni inasema ndiye mtumishi aliyefuata kanuni kikamilifu.

Nilimwambia Haroon mzee yule ameniua kwa kanuni yangu mwenyewe. Akasema, "Eish, Immaculée. Alikupa sekunde nne."

Achille ameitundika suti ile kabatini, kati ya nguo zetu. Sijamwambia aitoe.

Jumapili, 29 Machi

Jumapili ya Matawi. Nimekwenda. Nimevaa kitenge na nimekuwa nikikariri njia nzima kutoka Glenwood nitakachosema, na kwamba nitapiga magoti palepale mlangoni, watu wacheke wakitaka.

Josias ndiye aliyekuwa akigawa matawi. Alimpa Achille, akamkumbatia, akamuuliza habari za kazi. Nikaja mimi. Nilikunja magoti nikasema, "Papa."

Hakukunja uso, wala hakunikwepa. Alinishika mkono kwa mikono miwili kabla magoti hayajafika chini, akaniinua kwa adabu, akanipa tawi zuri, refu kuliko ya wengine.

"Karibu mu kanisa yetu, mama," akasema. "Unatokea upande gani?"

Watu walikuwa wamejipanga nyuma yangu. Nikamwambia natokea Glenwood. Akainamisha kichwa kwa heshima, akanionyesha benchi la wageni.